Utatuzi wa Matatizo ya Daftari la Kumbukumbu katika Hewa ya Pwani

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa kuwa mtu anayefungua daftari lake la kumbukumbu baada ya masika huona doa, hunusa uvundo au hukuta picha mbili zimegandana kabla hajajua kilichosababisha. Chini ya kila dalili, visababishi vinaanza na kile kinachotokea mara nyingi na kuishia na kile cha nadra, na ukaguzi mwepesi unatangulia matengenezo mazito. Mifano mingi ni ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako hewa hubeba unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Aliye Nairobi au Arusha atasumbuliwa kidogo na ukungu, lakini wino, gundi na plastiki humsumbua vilevile.

Jambo moja linahusu dalili zote: kabla ya kugusa chochote, kipige picha au kiskani jinsi kilivyo, hata kikiwa kimeharibika. Kwa picha ndogo za zamani, nukta 600 kwa inchi zinafaa; kwa kadi na barua, nukta 300 zinatosha. Marekebisho mengi husimamisha uharibifu bila kuurudisha nyuma, na baadhi yake, kama vile kuloweka picha, yanaweza kuumaliza mchezo kabisa yakikosewa. Msimamo wangu, ambao wapenzi wengi wa kubandika hawaupendi, ni kwamba kinachobandikwa daftarini kiwe nakala, na kitu chenyewe kikae kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kasha.

Wino unapenya upande wa pili au unatambaa kama mizizi

Kisababishi cha kwanza ni wembamba wa karatasi. Madaftari mengi ya shule yana karatasi nyepesi kuliko ile ya fotokopi, ambayo kwa kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na kalamu ya jeli au maka ikipita juu yake upande wa pili hauandikiki. Cha pili ni kalamu yenyewe kutoa wino mwingi. Cha tatu, ambacho watu wa pwani hukisahau, ni unyevu: karatasi iliyokaa miezi mingi kwenye hewa nzito hulegea na kuunyonya wino kwa kasi, hivyo daftari lililoandikika vizuri Januari linaweza kuanza kutambaza wino mwezi Mei.

Jaribu kwenye ukurasa wa mwisho. Andika mistari kwa kila kalamu uliyo nayo, subiri kama dakika moja, geuza ukurasa utazame, kisha pitisha kidole chenye maji juu ya maandishi. Wino utakaoenea kwa kidole kile ndio utakaoenea siku daftari litakaponyeshewa. Kalamu ya kawaida ya bolipeni hupita mtihani huu mara nyingi, na kalamu za wino wa pigmenti zinazotumiwa na wachoraji hupita vizuri zaidi.

Kwa daftari ambalo tayari umelinunua, andika upande mmoja tu, au unganisha karatasi mbili mbili kwa gundi ya kijiti. Ikiwa bado unachagua, tafuta karatasi ya gramu 100 au zaidi kwa maandishi na michoro myepesi, na ya gramu 200 kwenda juu ukikusudia kutumia rangi za maji. Hakuna haja ya fundi hapa.

Daftari limevimba na mgongo unapasuka

Karibu kila mara kosa ni kuongeza unene mbele bila kuongeza nafasi kwenye mgongo. Kaunta buku la kurasa 288 limeshonwa kwa unene wa karatasi tupu. Ukibandika kadi za mwaliko wa harusi zenye utepe na maua ya plastiki katika kila ukurasa, upande wa mbele unafunguka na nguvu yote inauangukia mgongo. Kisababishi kinachofuata ni aina ya mgongo. Lifungue daftari katikati na uchungulie kwenye mkunjo: ukiona uzi, limeshonwa na lina uvumilivu; ukiona gundi tu, kurasa zitaanza kuchomoka moja moja; ukiona pini za chuma, tazama kama zimeanza kutu, maana hewa ya chumvi huzila na kutu yake hutoboa karatasi.

Dawa nyepesi ni kupunguza karatasi kabla ya kubandika. Kwa kila karatasi tatu, kata moja kwa mkasi huku ukiacha kipande cha sentimita 2 karibu na mgongo. Usiing'oe. Katika daftari lililoshonwa au kupigwa pini, kila karatasi ni nusu ya karatasi ndefu inayotokea tena upande wa pili wa uzi, na ukiing'oa moja, mwenzake hulegea na kudondoka. Kwa mwenye vitu vingi vinene, faili la ringi lenye karatasi nzito ni bora kuliko daftari lolote zuri la dukani, ingawa nakiri halina haiba ileile mkononi.

Acha na utafute fundi wa kujalidi vitabu pale kurasa zote zinapoachana na jalada, au uzi unapokatika. Usimimine superglu kwenye mgongo; hukauka ngumu, haikunjiki, na fundi atalazimika kukata karatasi njema ili kuiondoa.

Ukurasa umejikunja baada ya kubandika

Gundi nyeupe ya maji ndiyo mshitakiwa wa kwanza, hasa ikipakwa ukurasa mzima. Paka kidogo kwenye pembe tu, weka karatasi ya kunyonya juu, na uache chini ya uzito kwa siku nzima. Ukurasa uliokwisha kujikunja hunyooka kwa kiasi ukikandamizwa kwa wiki moja au mbili, lakini usipige pasi penye picha. Kama ukurasa unajikunja pasipo gundi, daftari limehamishwa kutoka hewa kavu kwenda yenye unyevu au kinyume chake, na litatulia lenyewe.

Uvundo, vumbi la kijivu au madoa ya kijani na meusi

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote pwani, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Ukungu huota kwa urahisi pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 kwa muda mrefu, na katika miji ya mwambao kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hasa masika ya Machi hadi Mei. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini ukungu umeota kwenye daftari hili, ilhali lile la rafu ya juu liko salama.

Mara nyingi sababu ni mahali. Sanduku limewekwa sakafuni au limeegemezwa ukuta wa nje, na ukuta wa nyumba ya zamani, hasa ya mawe na chokaa, hunyonya maji ya mvua na kuyatoa ndani taratibu. Weka kiganja nyuma ya rafu: ukihisi ubaridi na unyevunyevu, umepata jibu. Sababu ya pili ni kufungia vitu kabla havijakauka. Gundi iliyopakwa jioni na daftari likafungwa usiku huohuo ndani ya kasha la plastiki huacha maji yasiyo na pa kutokea. Kasha la plastiki lenyewe si baya, kwani hulinda kilicho kikavu kikabaki kikavu, lakini hulinda na kilicho chepechepe kikabaki chepechepe. Ya tatu ni chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana: vitu vilivyopoa hupata umande pindi hewa ya joto inapoingia. Ya nadra ni bomba linalovuja ndani ya ukuta.

Kabla ya kusafisha, jua kama ukungu unaishi au umelala. Washa tochi na uimulike kwa ubavu, mwanga ukipita sambamba na ukurasa. Ukungu utaonekana umesimama kama manyoya mafupi. Uguse kidogo kwa ncha ya brashi laini. Ukipakaa na kuacha alama yenye unyevu, bado unaishi, na kuusugua kutauzamisha ndani ya karatasi. Ukipeperuka kama unga, umelala. Madoa ya kahawia yasiyoinuka wala kutoa unga hayatoki kwa brashi, na ni heri kuyaacha.

Ukungu unaoishi hukaushwa kwanza. Lifunge daftari ndani ya mfuko wakati wa kulibeba ili lisiambukize mengine, lipeleke mahali penye kivuli na upepo, lisimamishe wima kurasa zikiwa zimeachana, na uelekeze feni pembeni yake, si moja kwa moja usoni pake. Kuanika juani dakika chache husaidia daftari lenye maandishi ya bolipeni. Lenye picha za rangi, maua makavu au wino wa jeli lisiuone mchana mkali. Likikauka, vaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo, ile ya daraja la N95, pamoja na glavu, toka nje, na upige brashi kuelekea upande upepo unakokwenda. Usitumie dawa ya kufulia yenye klorini, siki wala manukato. Wapo wanaofukiza udi ili kuondoa uvundo. Udi huficha harufu, nao moshi wake huacha utando juu ya picha.

Baada ya hapo tibu mahali. Inua sanduku juu ya vipande vya mbao, liache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na weka ndani vile vifuko vya chembechembe za silika vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme. Vifuko hivyo hujaa. Vikikaa masika yote bila kukaushwa upya au kubadilishwa havifanyi kazi tena. Kipima unyevu kidogo cha dijitali ndani ya kasha hukuambia mapema kuliko pua.

Onyo: mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu ya mwili au mjamzito asisafishe ukungu hata kidogo. Acha na uite mtaalamu ikiwa ukungu umeenea kurasa nyingi, ikiwa umeshika uso wenyewe wa picha, au ikiwa daftari limelowa maji machafu ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyopiga sehemu za Kenya na Tanzania. Karatasi iliyolowa inaweza kuota ukungu ndani ya saa 48. Ikiwa huwezi kuikausha kwa muda huo, ifunge kwa plastiki na uiweke kwenye friza. Barafu husimamisha saa, nawe utapata nafasi ya kutafuta ushauri. Wahifadhi wa nyaraka wanapatikana katika taasisi kama Nyaraka za Taifa jijini Nairobi na Nyaraka za Zanzibar, na hata pale ambapo hawapokei kazi za watu binafsi, inafaa kuwauliza kabla ya kujaribu jambo zito.

Picha zimegandana, au zimegandia kioo au albamu

Uso wa picha ya studio una utando wa jelatini, ambao hulainika ukipata unyevu na kunata kwenye chochote kinachougusa unapokauka. Kwa hiyo kisababishi kikuu ni picha kupangwa uso kwa uso, au kuwekwa kwenye fremu zikiugusa moja kwa moja uso wa kioo. Kinachofuata ni zile albamu zenye mistari ya gundi na plastiki ya kufunika, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980: gundi yake hugeuka ya manjano na kuwa ngumu, au hupenya hadi mbele ya picha.

Kwa picha zilizogandana, kwanza jua zimechapishwa vipi. Gusa pembe ya picha penye rangi kwa kijiti cha pamba chenye tone la maji. Rangi ikienea, picha imetoka kwenye printa ya wino na haivumilii maji, ishia hapo. Picha za papo kwa papo, zilizopakwa rangi kwa mkono na zilizoshikwa na ukungu zisilowekwe pia. Ikiwa ni picha ya kawaida ya studio yenye mgongo laini wa plastiki, ilaze kwenye bakuli la maji safi ya baridi ya kawaida. Kama maji ya nyumbani yanatoka kisimani na yana chumvi, tumia ya chupa. Subiri nusu saa, kisha tikisa bakuli taratibu. Picha ziko tayari zinapoteleza zenyewe. Zikikataa, ziongezee muda. Usizivute. Zikiachana, zilaze uso juu kwenye chandarua safi au kitambaa cheupe, kamwe si kwenye gazeti, ambalo litaacha habari zake mgongoni mwa picha. Ukiona utando wa rangi unainuka pembeni kama ngozi, acha mara moja, ziache ndani ya maji na utafute msaada siku hiyohiyo.

Kwa albamu ya gundi, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya pembe ya picha na uuvute huku na huku kama msumeno. Picha ikianza kukunjika, kata ukurasa kuizunguka na uihifadhi pamoja na mgongo wake wa kadibodi. Iliyogandia kioo isibanduliwe na asiye fundi kwa namna yoyote; iskani ikiwa nyuma ya kioo chake, na kioo hicho kisivunjwe wala kutupwa.

Mgongoni mwa picha andika kwa penseli laini. Wino wa bolipeni hukandamiza na kuonekana mbele.

Risiti na tiketi zimefutika

Kwaruza karatasi kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi, hiyo ni karatasi inayochapishwa kwa joto, na maandishi yake hayana wino wowote. Ndivyo zilivyo risiti nyingi za maduka, za mashine za benki na tiketi nyingi za mabasi. Huuawa na joto na mwanga, lakini wauaji wa haraka zaidi ni selotepu, mifuko ya plastiki laini, vipodozi vya mafuta na vitakasa mikono vyenye spiriti. Tiketi ya safari ya fungate iliyofunikwa kwa selotepu “ili isiharibike” inaweza kuwa nyeupe kabla ya mwaka kwisha.

Iliyofifia inaweza kusomeka ukiiskani na kuongeza weusi kwenye simu au kompyuta. Usiipashe joto wala usiilamineti, kwani itageuka nyeusi yote. Toa fotokopi siku unapoipata, bandika fotokopi hiyo, basi.

Karatasi zimekuwa manjano na zinavunjika

Vipande vya magazeti ndivyo vya kwanza kulaumiwa, na kwa haki. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, ambayo hugeuka rangi kwa mwanga na hewa na kuzaa asidi. Funika nusu ya ukurasa wa gazeti la leo kwa kitabu, uache dirishani wiki moja, kisha ondoa kitabu. Mpaka wa rangi utauona bila miwani. Asidi hiyo huhamia kwenye karatasi jirani, ndiyo maana kadi nyeupe iliyolala miaka karibu na tangazo la tanzia hubeba kivuli cha manjano chenye umbo la tangazo lile.

Kisababishi cha pili ni selotepu. Gundi yake huvuja, huwa ya manjano, kisha plastiki hudondoka na kuacha doa lisilofutika. Cha tatu ni daftari lenyewe kuwa la karatasi duni. Tafuta lililoandikwa kuwa halina asidi. Cha nne ni vifuko vya PVC, vinavyotambulika kwa harufu kali kama ya kitambaa kipya cha plastiki cha mezani na kwa namba 3 ndani ya pembetatu. Vifuko vya polipropilini, namba 5, au vya poliesta havina tatizo hilo.

Gazeti lililogeuka haliwezi kuwa jeupe tena. Litenganishe kwa karatasi safi pande zote na ubandike nakala. Selotepu ya zamani isivutwe wala kupakwa petroli au tina. Huyeyusha wino na mvuke wake hushika moto. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na hati za ardhi visiingie daftarini wala visilaminetiwe, kwa sababu laminesheni haitoki bila kuharibu karatasi, na ofisi nyingine huvikataa vikiwa hivyo.

Kanga, maua na vitu vya chuma

Kipande cha kanga kinachochafua ukurasa hakijafuliwa vya kutosha: kifue mpaka maji yatoke meupe, kikauke kabisa, na usikitie wanga, kwa maana wadudu huufuata. Kishone kwa nyuzi chache kwenye ukurasa. Usitumie superglu kwenye kanga. Ikikutana na pamba huweza kutoa joto la kuunguza vidole. Asumini na mawaridi yanayoota ukungu yamefungiwa mabichi; pwani yape wiki tatu au nne kati ya karatasi za kunyonya, ukizibadilisha kila zinapolowa. Kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, kina mafuta na marashi, hivyo kikae kwenye kibweta chake, mbali na karatasi. Sarafu na pini zinazoweka kutu au ukijani zifungwe peke yake.

Matundu, kingo zilizotafunwa na unga kwenye rafu

Mende ndio wengi, wakifuata gundi na wanga, nao huacha vinyesi vidogo vyeusi. Wadudu wadogo wa rangi ya fedha wasio na mabawa hukwangua uso wa karatasi bila kuitoboa. Matundu ya mviringo yanayopenya kurasa nyingi ni ya buu wa vitabu. Njia za udongo ukutani, au kitabu ambacho jalada lake ni zima na ndani yake hamna kitu, ni mchwa.

Toa kila kitu, fagia, na usirudishe kitu bila kukikagua. Daftari lisilo na picha wala kioo, lenye mende au buu, lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyotolewa hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uliache lipate joto la chumba siku nzima kabla ya kufungua mfuko. Usinyunyizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Vidonge vya nafthalini havifai karibu na albamu, kwani mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki, na ni hatari kwa watoto wachanga, hasa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao damu yao huweza kuharibika. Ukigundua mchwa, usihangaike na daftari peke yake: hamisha kumbukumbu zote nje ya chumba na umwite mfukizaji mwenye leseni, kwa kuwa kiota kiko ndani ya ukuta au chini ya sakafu, na rafu ni lango tu walilotokea.